Tembo Ameondoka, Sogea Bado Anampisha

Saa tatu asubuhi lango la bustani ya wanyama linafunguliwa. Mgeni wa kwanza bado anatafuta chenji dirishani, na mpiga picha ameshauzunguka uwanja wa tembo mara mbili. Kamera inaning'inia shingoni. Mbele yake anasukuma kigari cha mtoto, alichokulia kitindamimba wake. Siku hizi kimebeba printa, betri na fremu za karatasi. Anasimama, anafuta lenzi kwa pindo la shati, anaondoka tena.

Familia moja inakaribia uzio: baba, mama na mapacha waliovalishwa sare.

"Karibuni. Simameni hapo hapo. Baba, sogea kulia. Sogea tena. Mama naye asogee, mumpishe..."

Anakatiza. Baba anageuka kutazama nyuma yake. Kuna ukuta, mchanga, na kobe watano waliotulia kama mafiga yaliyosahauliwa.

"Tumpishe nani, mzee?"

Mpiga picha anacheka kidogo, kicheko cha kufichia aibu. "Mazoea tu, ndugu yangu. Rudini katikati."

Kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyu ameitwa Sogea, kwa sababu ndilo neno lake. Wenzake kazini wanamwita hivyo, wageni pia, hata mkewe akikasirika. Uwanjani hapo aliishi tembo jike aliyepewa jina la Shangazi, kwa kuwa hakuwa na haraka na mtu, na kila aliyefika alimwamkia kwanza. Shangazi alikuwa na mahali pake pa kusimama, karibu na bomba la maji, upande wa kushoto. Kazi ya Sogea ilikuwa kuwasogeza watu kulia ili Shangazi aenee.

"Tembo humwambii asogee," anasema. "Binadamu ndiye anayesogea."

Mwanzoni mwa mwaka huu uongozi wa bustani ulimhamisha. Walieleza kwamba uwanja ni mdogo kwa mnyama wa ukubwa ule, tena anaishi peke yake, na kwamba hifadhi moja yenye tembo wengine imekubali kumpokea. Chui naye alipokufa kwa uzee hakuletewa mrithi. Banda lake limefunikwa wavu, sasa ni la ndege. Wakubwa wanapungua, wadogo wanaongezeka.

Wageni wengi hawana habari. Wanalipa kiingilio, wanafuata njia waliyoizoea, wanakutana na kobe. Wa kuwajibu ni Sogea, kwa kuwa ndiye aliyesimama pale.

"Shangazi ameolewa," anawaambia. "Ameenda kwa mumewe."

"Ameolewa bila sisi kualikwa?" anauliza mama mmoja mwenye mwavuli. "Na mahari mmekula wenyewe?"

"Mahari ndiyo hao kobe, mama."

"Basi mmepunjwa!"

Watu wanaangua kicheko. Kikiisha, wanaupiga ukuta picha moja kwa simu zao, wanakwenda kwa nyani. Sogea anabaki na kigari chake. Zamani, siku ya mapumziko, aliweza kutoa picha thelathini. Sasa akitoa sita anamshukuru Mungu. Anajua simu kila mtu anayo, lakini picha na Shangazi watu waliitaka ya karatasi, ya kutundika sebuleni.

"Picha ya simu inafia humo humo ndani ya simu," anasema. "Ya ukutani hata mgeni akiingia anaisalimia."

Si kila mgeni anayesikitika. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye huleta wanafunzi kila mwaka, amesimama kwenye uzio huku akiwachunga watoto kwa jicho moja.

"Mimi nimefurahi," anasema. "Alikuwa akitikisa kichwa kulia na kushoto kutwa nzima. Watoto wakiniuliza ana nini, nakosa la kuwaambia."

"Sisi tulisema anacheza," anajibu Sogea taratibu.

"Kucheza gani, kaka? Alikuwa kama wewe sasa hivi. Hebu jitazame, tangu nifike hujatulia mahali pamoja."

Sogea anaitazama miguu yake. Imeshaanza kuondoka.

Kuhangaika huko kuna sababu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ana studio ya picha za pasipoti na vitambulisho, na anatafuta mtu wa kudumu. Amemngojea vya kutosha. Leo anataka jibu, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Na hapa bustanini hakuna anayeweza kumwahidi Sogea kwamba watu watarudi kwa ajili ya kobe.

Mkewe, fundi cherehani, anasema hamsukumi upande wowote. "Usiku anageuka geuka kama samaki kikaangoni. Nikamwambia, baba watoto, ama nenda, ama baki, lakini shuka langu litachanika."

Studio alishaijaribu kwa siku chache. Kiti kiko katikati, pazia jeupe nyuma, mteja anatazama mbele. Mikono ikafanya ilichozoea. Mteja akaketi, Sogea akasema sogea, mteja akasogea. Picha zikatoka nusu uso, nusu pazia, na wateja wakarudishwa nazo kutoka ofisi ya pasipoti wakiwaka moto.

"Shemeji akaniambia, 'Shemeji, hapa hakuna tembo.' Nikamjibu, najua. Kesho yake nikafanya vile vile." Anatikisa kichwa. "Jicho langu linamwachia nafasi. Ni kama mtu aliyefiwa, bado anapakua sahani moja zaidi."

Aliyewahi kuipakua sahani hiyo hahitaji kuelezwa.

Jua limeshapanda wakati bibi mmoja anapotokea njiani, kamshika mkono mjukuu wake wa kike. Sogea anawajua. Tangu mtoto huyo akiwa wa kubebwa, kila siku yake ya kuzaliwa bibi humleta apigwe picha na Shangazi. Picha zote ziko ukutani kwake, zimepangwa kwa mstari, mtoto anakua, tembo yule yule.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Sogea. Yuko wapi mwenyeji wetu?"

Safari hii Sogea hasemi ameolewa. Anamweleza yote. Bibi anasikiliza, mikono juu ya uzio, macho kwenye bomba la maji.

"Huko alikokwenda ana wenzake?"

"Anao, bibi."

"Alhamdulillahi. Afadhali." Kisha anageuka. "Lakini mimi nimepanda magari mawili na magoti haya, nije kumpiga mtoto picha na kobe? Kobe hata uso haonyeshi. Picha gani ya mtu aliyejificha?"

"Bibi," anaita mjukuu, ameshachuchumaa. "Yule anatoa kichwa."

Hapo ndipo ilipo shida ya kobe. Wageni wanawatazama kutoka juu, na kutoka juu kobe ni jiwe. Anayetaka kuuona uso wake lazima ashuke, naye Sogea si kijana. Anafungua kigari na kutoa vitu viwili vyenye mikanda, vya kitambaa cha maua.

"Hivyo nini tena?" bibi anauliza.

"Mke wangu kanishonea. Sponji ya godoro letu la zamani."

"Mtu mzima na godoro magotini!"

"Si wewe uliyeanza habari za magoti, bibi?"

Bibi anacheka hadi anaushika uzio. Mtunza kobe anafungua kilango, anamruhusu mtoto kuingia na kuchuchumaa mchangani, ilimradi asimguse mnyama. Sogea anapiga magoti, kisha analala kifudifudi, kamera mbele ya uso, bila kulijali shati lake jeupe.

"Sogea kulia, mama. Kidogo tena."

Mtoto anasogea. Kushoto kwake panabaki nafasi tupu, kubwa kupita kiasi, ya kumtosha tembo.

"Na hapo pote ni pa nani?" bibi anauliza.

"Pa anayekuja."

Kobe mkubwa kuliko wote ameshanyanyuka. Anaweka mguu, anafikiri, anaweka mwingine. Wageni wawili watatu wanasimama kutazama. Mama mwenye mwavuli amerudi kutoka kwa nyani. Mtoto amebana pumzi. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, miguu ya Sogea imetulia.

"Shangazi ameondoka nikimwona," anasema bila kuondoa jicho kwenye kamera. "Huyu, Mungu akipenda, mimi ndiye nitakayeondoka akiniona. Mtoto huyu atamleta mjukuu wake, atamkuta hapa hapa."

"Na wewe mwakani tutakukuta?" bibi anauliza.

Kabla hajajibu, simu inaita mfukoni. Anaichomoa na kuibana sikioni, kifua bado kiko mchangani.

"Shemeji. Ndiyo, nimeiona saa... Hapana, shemeji. Mpe mwingine. Nashukuru sana, Mungu akuzidishie, lakini nafasi mpe mwingine."

Sauti ya upande wa pili inapanda mpaka bibi anaisikia pale aliposimama: kwani yuko wapi, na kwa nini anaongea kama mtu aliye msikitini?

"Niko kazini," ananong'ona Sogea. "Subiri kwanza, shemeji. Kobe anakuja."