Jiko Chini ya Pikapu

Makaa yakianza kushika moto, na karibu yake pakawa na harufu ya dizeli, mimi huondoka mahali hapo. Watu hudhani najidai. Niacheni niwaeleze, maana wengi wenu mmelelewa penye joto na hamuijui baridi ya Kitale mwezi wa saba, ile inayofanya vidole vishindwe kufunga kifungo cha sweta.

Tulikaa nje kidogo ya Matisi, hapo hapo Kitale. Baba alikuwa na pikapu ya dizeli, nyeupe zamani hizo, aliyoitumia kupeleka kabeji na vitunguu Bungoma, kwa wachuuzi wa Kanduyi. Ilikuwa na ugonjwa mmoja tu: alfajiri haikuwaka. Baba alizungusha ufunguo, nayo ikaguna, ikakohoa, ikatema moshi mweupe na kunyamaza. Dawa yetu ya nyumbani ilikuwa jiko. Mama aliliwasha, akalipuliza mpaka makaa yakawa mekundu, akalisukuma chini ya injini, na pikapu ikaota moto huku sisi tukingojea uji. Mdogo wangu aliwahi kuuliza, kwa adabu kabisa, kama gari pia lingeoga kabla yetu. Jiko lisipofua dafu tulisukuma wote, Mama katikati, leso kiunoni, akituhesabia. Nilikuwa nikifika shule nanuka dizeli hadi mwalimu akanihamishia dirishani.

Mama mwenyewe alikuwa na kifua. Baridi ikikaza, na moshi wa jiko ukimwingia, pumzi yake ilianza kupiga filimbi. Alishika mlango wa pikapu, akainama, akangoja hali ipite. Jua likishapanda, kifua kilifunguka, na pikapu nayo ikakubali. Yeye ndiye aliyesema kwanza, akijipangusa majivu: "Baba Nekesa, hii gari ni kama mimi tu. Ugonjwa yake iko asubuhi."

Baba alicheka. Sisi pia tulicheka.

Sasa, Baba hakuwaamini mafundi wa Kitale. Alisema watakung'olea spea nzima wakuwekee kuukuu. Pikapu ilitibiwa Kanduyi, kwa fundi aliyetahiriwa pamoja naye, na kwetu Wabukusu mtu mliyetiwa naye jandoni msimu mmoja ni zaidi ya ndugu; humtilii shaka, wala humpeleki mgonjwa wako kwa mwingine. Kwa hiyo pikapu ilifika kwake adhuhuri, injini imechemka kwa safari, na joto la Bungoma juu yake. Fundi alizungusha ufunguo mara moja tu, ikanguruma. Likizo moja nilikuwepo, nikamsikia.

"Hii gari iko sawa, bana," alisema, akifuta mikono. "Labda ni wewe unasikia baridi."

Wakacheka wawili hao, wakaenda kula. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini Baba aliipenda fimbo ile kwa kuwa ilikuwa ya rika lake, na kila safari alirudi ameridhika.

Mama pia alipelekwa kutibiwa, siku moja. Tulitoka baada ya jua kupasha boneti, tukapanga foleni, na alipoitwa ilikuwa mchana. Daktari akamsikiliza kifua, mbele na nyuma, akasema haoni kitu, avae sweta na apunguze mawazo. Mama alirudi na aibu usoni, kama mtu aliyefumaniwa akidanganya. Hakwenda tena. Hilo linanikera mpaka leo, na sitaki kusema halinikeri.

Asubuhi ile ya mwezi wa saba ukungu ulikuwa umelala juu ya mahindi. Mama aliinama kulipuliza jiko, na pumzi haikutoka. Baba alimbeba, akamkalisha ndani ya pikapu na kumfunga blanketi. Akazungusha ufunguo. Ikaguna. Akazungusha tena na tena, mpaka betri ikaisha. Jiko lilikuwa halijashika. Tukasukuma, majirani wakaja wakasukuma, lakini tope lilikuwa linateleza na safari hii aliyekuwa akitupangia "moja, mbili, sukuma" alikuwa ndani. Miaka hiyo bodaboda zilikuwa bado hazijaenea kwetu. Ilipowaka, jua lilikuwa limeshapanda, na Mama alikuwa amenyamaza.

Tulimpeleka Bungoma kumzika nyumbani, jeneza nyuma ya pikapu ileile. Tuliondoka mchana. Iliwaka mara moja, bila taabu yoyote, na nikaichukia kama mtu anavyomchukia mtu.

Baada ya matanga Baba aliipeleka kwa fundi wa Matisi, mtu tuliyempita kila siku tukienda dukani. Nilifuatana naye. Fundi hakufungua hata boneti. Aliuliza inakataa saa ngapi. Baba akamwambia alfajiri.

"Basi iache ilale hapa nje, mzee," akasema. "Nataka niione ikiwa mgonjwa."

Tuliporudi asubuhi, baridi ikiuma, alikuwa ameshavitoa vile vijiti vinavyopasha moto injini ya dizeli kabla haijawaka, ambavyo mafundi huviita hita. Alivigusisha kwenye betri kimoja kimoja, tukitazama. Kimoja kikawa chekundu. Vingine vyote vilibaki vyeusi. Akaweka vipya, akampa Baba ufunguo, na pikapu ikawaka ndani ya ukungu, bila jiko, bila msukumaji.

Baba hakuizima wala hakushuka. Alikaa pale, mikono juu ya usukani, na mimi nilidhani anasikiliza injini. Niliona fahari hata, gari letu limepona. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikajua alikuwa akisikiliza maneno ya mke wake, yale tuliyoyacheka.

Pikapu ilipata mtu wa kuingoja hadi alfajiri, aione inavyoteseka. Mama hakupata.