Niliagwa kwenda Nairobi, nikashuka treni Changamwe

Wakuu, habari za jioni. Nina miaka tisini na ushee, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa.

Ni miaka ya arobaini, vita vimekwisha juzi tu. Mimi kijana wa Mtopanga, huku pwani, nataka ufundi wa mashine, na moyo wote uko Nairobi.

Wakati ule ukisema unaenda Nairobi hata mwendo wako unabadilika. Binamu yangu alikuwa huko, akaniita gereji anakofanya kazi. Mafunzo? Hakuna. Kuosha magari, na labda siku moja nishikishwe spana.

Upande wa pili nilikuwa nimeomba kujifunza ufita, yaani kuchonga na kuunga vyuma vya mashine, kwenye karakana moja Changamwe. Miaka mitatu, na cheti ukimaliza. Hawakujibu, nikasahau.

Basi nikatangaza safari. Na mjue, kwetu mtu hasafiri hivi hivi. Mjomba akaja kunipa baraka, kanisa likaniombea, majirani wakaleta kuku. Nami nilijigamba Kisauni nzima, bila haya.

Asubuhi ya safari, jibu la Changamwe likafika. Nimekubaliwa, niripoti Jumatatu.

Nikalitia mfukoni kimya. Ningewaambia nini watu ambao nimeshakula kuku wao?

Stesheni mama analia, shangazi analia, mimi napunga mkono dirishani. Treni ikaondoka. Najiuliza, Nairobi na taa zake, au ufundi? Iliposimama Changamwe, kituo cha kwanza tu kutoka kwetu, wakuu, nikachukua sanduku langu nikashuka. Hata njaa ya safari sijaisikia.

Nikapanga nijifiche mwezi mzima, kisha nirudi nyumbani kama mtu aliyetoka bara. Akili za ujana hizo.

Karakanani, wiki za kwanza ni tupa tu. Unapewa kipande cha chuma ukisugue mpaka kinyooke pande zote. Fundi anakipima kwa rula ya chuma, akiona mwanga unapenya katikati, unaanza upya. Viganja vilichubuka, lakini niliipenda kazi ile, haki ya Mungu.

Nisilolijua ni kwamba mama alimwomba mwalimu wa kanisa amwandikie binamu. Binamu akajibu kuwa sijafika. Nyumbani wakaona nimefia njiani. Ni muumini mmoja wa kanisa letu, kuli wa Changamwe, aliyewaambia kwamba ananiona kila siku.

Mama akaja mwenyewe langoni, saa ya chakula. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikampa shikamoo nikiangalia chini, nikamweleza yote, hadi ile aibu ya kuku.

Akanishika kichwa, uso, mabega, akihakikisha niko mzima. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, hilo ndilo unalonificha? Pale stesheni mimi nilikuwa namwomba Mungu treni iharibike."

Tukalia, tukacheka palepale, wenzangu wakitukodolea macho. Wakuu, sijawahi kupumua vile tena. Jumapili nikaenda kanisani mchana kweupe, wakanicheka mpaka wakachoka, yakaisha.

Ufita ndio ulionilisha na kunisomeshea watoto. Nairobi nilikuja kuiona baadaye. Ni mji mzuri, sikatai.

Nililojifunza: usiende mahali kwa sababu tu umeshaagwa. Huenda anayekulilia stesheni ndiye anayetaka ubaki, na wewe hujamuuliza.

Nani mwingine humu aliwahi kushuka njiani? Andikeni, nitasoma yote, ila majibu yangu yatakuja kwa kidole kimoja.