Jina Lililobaki na Gitaa

Mwaka 2022, wakati wa kiangazi, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, niliulizwa kama mume wangu alikuwa ameniacha. Alikuwa amefariki tarehe 9 Machi 2013.

Aliyeniuliza ni jirani yangu pale Nyakato, muuza samaki aina ya sato, aliyehamia mtaani mwaka uliotangulia. Ilikuwa Jumapili, tarehe 17 Julai. Siku moja kabla alikuwa Bunda kwenye dansi la mchana.

"Mama, mzee wako bado anapigaga gitaa! Wanamwita lile jina ambalo mtaa unakuita mke wake, uwanja mzima unaitikia. Kumbe mliachana?"

Nilimjibu kwamba mimi ni mjane. Akaomba radhi, lakini nilimwona akinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayeficha aibu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na minne, darasa moja na watoto wa rika la mwanangu, na tangu hapo nimejifunza kutokubali jambo langu liandikwe vibaya. Kuachwa ni jambo moja. Kufiwa ni jambo lingine. Mimi nilifiwa.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi iliyoanza ujanani mwetu na ambayo bado inazunguka mkoani. Gari la matangazo husema ni "wanamuziki wale wale wa mwanzo". Wa mwanzo waliobaki ni wawili: mwimbaji na mpiga tumba. Tarehe 24 Julai niliwafuata Butiama. Mwimbaji aliimba ameketi kwenye kiti cha plastiki, maji ya kunywa kando ya mguu wake, na sauti yake ilipanda kwa taabu. Solo ilipokaribia, akaliita jina la jukwaani la mume wangu, akilivuta kama zamani. Mtu nisiyemjua akainamisha kichwa na kupiga. Alipiga vizuri. Jambo hilo lilinichosha zaidi.

Walipopumzika, mwimbaji alinikaribisha.

"Shemeji! Umekuja kucheza?"

"Nimekuja kusikia nani anaitwa."

Akacheka, kisha akaacha. "Lakini lile jina limo kwenye santuri, shemeji. Nisipoliita, watu wataliita wenyewe. Kwetu jina la jukwaani hukaa na gitaa. Anayeshika solo analirithi."

"Gitaa mlirithishane. Mwenye jina yuko makaburini Bweri, chini ya saruji niliyoimwagilia maji mwenyewe siku saba."

"Basi niseme 'marehemu'?" Akahesabu kwa vidole. "Haiingii. Silabi nne. Nikimaliza kuisema, solo imekwisha anza."

"Tena useme marehemu halafu gitaa lilie?" alidakia mpiga tumba. "Uwanja utabaki na viti tu!"

Walicheka wote, nami nusura nicheke. Hakucheka yule mpiga gitaa, mtu mzima wa miaka kama hamsini, aliyekuwa akipangusa nyuzi kwa kitambaa.

"Mama," akasema, "mimi nina jina langu. Mwaka wa tisa huu sijawahi kuitwa nalo. Mke wangu hajagi dansini. Anasema huku mimi ni mume wa mtu mwingine."

Nilikuwa nimekuja kugombana na mtu huyo.

Mwimbaji hakukubali siku ile. Alisema waandaaji wanataka lile jina, naye amezeeka mno kujifunza wimbo upya. Tarehe 1 Agosti nilipeleka barua kwa afisa utamaduni, nikiambatanisha nakala ya cheti cha kifo. Niliitwa mara mbili na kurudishwa mara mbili: mara ya kwanza afisa alikuwa safarini, mara ya pili bendi ilikuwa safarini. Miguu yangu iliijua ngazi ya ofisi yake. Binti yangu aliniuliza kwa nini nisiache. Nilimwambia kwamba cheti kinasema mjane, na mtaa unasema vingine, na kimojawapo lazima kisahihishwe.

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2022, tulikutana wote ofisini kwa afisa. Ilikubaliwa kwamba mpiga gitaa ataitwa kwa jina lake mwenyewe, kwamba maneno "wale wale" yataondolewa kwenye matangazo, na kwamba jina la mume wangu, popote litakapoandikwa, litatanguliwa na neno marehemu. Afisa alimwomba mwimbaji asome muhtasari kwa sauti kabla ya kutia saini. Akavaa miwani, akasoma polepole, kifungu kwa kifungu. Alipolifikia lile jina alilivuta, kama alivyolivuta Butiama, kama alivyolivuta tulipokuwa vijana, kisha akatulia, akisubiri gitaa. Mpiga gitaa alitazama vidole vyake.

Afisa akanisogezea kalamu. Penye nafasi ya uhusiano niliandika: mjane. Nikatia saini.