Assunta Iacobucci na Taji la Mawe ya Kioo

Assunta Iacobucci, binti wa Pasquale aliyejenga ngazi za kanisa letu, mjukuu wa Filomena aliyevuka bahari kutoka milima ya kusini mwa Italia akiwa na sufuria moja mkononi na mimba tumboni. Filomena huyo ndiye mwanamke wa kwanza mtaani petu kuomba kazi ya kiwandani aifanyie nyumbani, akaitandaza juu ya meza ya jikoni kando ya unga wa tambi. Mwanawe Restituta, mama yake Assunta, aliunganisha vipande vya mikufu mpaka uchungu wa uzazi ulipomshika, na wanasema mkunga aliambiwa, "Kaa kwanza, nimalizie huu." Na Assunta mwenyewe akawa mpachikaji wa mawe. Hapa Providence, Marekani, wapachikaji walikuwa wengi kama njiwa, lakini ukitaja Assunta hakuna aliyeuliza ni Assunta yupi.

Siku hizi wanakuja watu na lenzi kununua zile pini za kifuani na hereni za zamani. Wanageuza pini, wanasoma jina lililogongwa mgongoni, wanafurahi. Jina hilo ni la mwenye kiwanda. Aliyepachika mawe hana muhuri. Ila sisi tulijuana. Nionyeshe pini yenye mawe yaliyokaa wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu, vikucha vya shaba vimelala juu ya kila jiwe bila kuliumiza, nitakwambia hii ni ya Assunta. Watu wengine huviita vito vya bandia. Meno ya marehemu kaka yangu ndiyo yalikuwa ya bandia. Vile vilikuwa kazi.

Jiwe la kioo lina mgongo wa fedha, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na huo ndio unaorudisha mwanga. Ukiingiwa na maji au dawa, jiwe linakufa. Ndivyo tunavyosema, limekufa. Linabaki limekutazama kama jicho la samaki aliyechemshwa. Mawe mazuri yalitoka Bohemia kwa meli, na vita vilipokuja yakakatika. Shaba na bati zikaenda kwa askari, sisi tukapachika kwenye fedha halisi, na jiwe moja likianguka sakafuni nyumba nzima ilipiga magoti kulitafuta, hata babu. Basi kila nyumba ikajifunza kuweka akiba yake ya mawe yaliyobaki, kwa ruhusa ya wenye viwanda, ndani ya kopo la kahawa. Mama akifa, kopo humwendea binti.

Kiangazi cha mwaka wa hamsini na nne taji la Bikira Maria lilianguka likapasuka pale wanaume walipokuwa wanaisafisha sanamu. Padri Marzio akasema litengenezwe jipya kabla ya sikukuu ya Julai. Mtaa wetu wa Juu tukasema sisi. Watu wa Bondeni, kule chini penye viwanda, wakasema wao wanalo taji tayari, limo kwenye sanduku la chama chao. Padri hakuwa mtu wa ugomvi. Akasema Mtaa wa Juu watengeneze, na lisipokuwa tayari siku ya sikukuu, Mama Maria atavaa la Bondeni. Na huku kwetu, mtaa ambao taji lake limevaliwa ndio unaotembea mbele ya sanamu. Usione ni jambo dogo. Kutembea nyuma ya Bondeni, mwaka nenda mwaka rudi, wanawake wetu wasingeweza kula.

Gaetano mlehemuji, binamu yake Assunta, akalitengeneza umbo kwa shaba, vikucha mamia, akaling'arisha mpaka ukiona unafumba macho. Kila nyumba ikaleta mawe kutoka kopo lake. Jekundu la marehemu mama fulani, la buluu lililobaki kwenye hereni za harusi ya fulani. Na Assunta akakumbuka kila jiwe ni la nani na limekaa wapi, maana watu wangetazama juu siku ya sikukuu watafute lao. Akapachika jioni baada ya jioni kwa kile kijiti chake chenye nta nchani, analigusa jiwe linanata, analishusha kitandani mwake, anavilaza vikucha. Mimi jirani yake nilikuwa nashika taa. Lilipokwisha tulikaa tu tukilitazama. Mumewe, Bwana Nunzio, alivua kofia.

Jumatatu ya wiki ya mwisho akaja Donato. Huyu Donato ni wa Bondeni, lakini ndiye mchovyaji kwenye kiwanda cha kuchovya dhahabu, na bosi wake alikuwa amekubali taji lichovywe bure. Alhamisi ndiyo siku ya mwisho, maana Ijumaa viwanda vyote vya vito hufungwa wiki mbili za likizo ya Julai, na sikukuu iko katikati yake. Donato akaingia na shuka safi begani.

"Haya, mama. Nipe umbo nikalichovye."

"Umbo gani?" Assunta akasema. "Taji hilo hapo. Limekwisha."

Donato akalitazama. Akazunguka meza. Akalitazama tena.

"Mama Assunta, nani kakupa ruhusa ya kupachika?"

"Ruhusa? Nipachike mpaka nipewe ruhusa na wewe?"

"Hili halijachovywa."

"Halijachovywa vipi, huoni linavyong'aa?"

"Hiyo ni shaba, mama. Gaetano kaisugua tu. Shaba tupu."

Nikamwona Assunta akiketi polepole, kama mtu anayehofia kiti. Usimcheke. Ndiyo namna ya kazi yetu. Mlehemuji analehemu, mchovyaji anachovya, mpachikaji anapachika, na kila mmoja hupokea kilichokwisha kupita kwa mwenzake. Maisha yake yote Assunta hakuwahi kuletewa kitu ambacho hakijachovywa. Kilichong'aa mezani pake ni dhahabu, hakuhitaji kuuliza. Na Gaetano naye alidhani kila mtu anajua.

"Na tukiliacha hivihivi?" nikauliza mimi.

"Jasho la Julai na moshi wa ubani," Donato akasema, "Krismasi litakuwa la kijani kama zeituni. Nikilichovya na mawe yake, dawa itayaua yote. Yote, mama. Hata lile la Restituta." Akakunja shuka lake. "Basi si neno. Sisi Bondeni tunalo letu, tena limechovywa."

"Toka jikoni kwangu," Assunta akasema.

"Natoka. Alhamisi asubuhi beseni litakuwa moto. Mkilileta tupu, nitalichovya. Mimi na Mama Maria hatuna ugomvi, ugomvi wangu ni na nyinyi."

Alipoondoka, Assunta akajaribu kutoa jiwe moja, la kwake mwenyewe, asije akaharibu la mtu. Akakiinua kikucha. Kikakatika. Akainua cha pili. Nacho. Shaba iliyolazwa haipendi kuinuliwa, na kikucha kikikatika jiwe halina pa kushikia. Bwana Nunzio akasema labda Padri angekubali taji la kijani, ni rangi ya matumaini. Assunta akamtazama, akaenda nje kuangalia nyanya zake.

Kulikuwa na mtu mmoja tu mjini aliyeweza kutoa jiwe bila kuvunja kikucha. Naye ni Ersilia, mke wa Donato. Kiwandani kazi yake ilikuwa kutengeneza yaliyoharibika, anatoa jiwe lililokufa anaweka zima. Na yeye na Assunta walikuwa hawasemezani tangu siku ile Ersilia alipomrudishia trei nzima ya pini na kikaratasi, "Mawe yamelala upande." Hata msibani waliketi kila mmoja kwenye ukuta wake.

Assunta akavaa gauni la kanisani, akalifunga taji ndani ya kitambaa cha meza, akaniambia, "Twende." Tukashuka Bondeni mchana kweupe, wanawake wamekaa vibarazani wanamenya maharage mabichi.

"Ehee, malkia kashuka!" mmoja akapaza sauti. "Leo kapotea njia?"

"Njia naijua," Assunta akajibu bila kusimama. "Iliyopotea ni adabu yako."

Ersilia alikuwa mlangoni tayari. Donato alikwisha kumwambia. Hakutukaribisha, hakutufukuza.

"Mama Nicolina," Assunta akasema, akimwita kwa jina la bintiye, "nimepachika kabla ya kuchovya."

"Nimesikia."

"Nimeharibu viwili kwa mkono wangu."

"Viwili tu? Ungeniletea mapema ungeharibu kimoja."

Ersilia akalipokea taji, akalipeleka penye dirisha. Akalizungusha mpaka nikaanza kuhesabu maharage ya jirani. Kisha akasema, kama mtu anayeng'olewa jino, "Mawe yamekaa vizuri."

"Hayakulala upande?"

"Ile trei yalilala upande, Assunta! Mpaka kesho nitasema yalilala. Haya yamekaa."

Nikaogopa watashikana. Lakini Assunta akacheka, kicheko kile chake cha kuku, na Ersilia akauma midomo asicheke naye, akashindwa.

"Nitayatoa," akasema. "Lakini hapa chini kwenye mkanda kuna nafasi tupu pande zote. Hapo yatakaa mawe ya Bondeni. Nisipoona jiwe la mama yangu hapo, chukua kitambaa chako."

Nilijua Assunta anapima nini. Taji lenye mawe ya Bondeni si taji la mtaa wetu tena. Mtaa wa Juu walimwamini kwa jambo moja, nalo ndilo analoombwa alitoe. Akaangalia taji, mawe ya nyumba zote zile, ya wazima na ya waliokufa.

"Lete makopo," akasema.

Basi ikawa kazi. Ersilia alikuwa na kisu chembamba kama ulimi wa mjusi. Alikipasha moto kidogo kikucha, akakiinua taratibu kama pumzi, jiwe likadondokea kiganjani mwa Assunta, naye akataja jina. "Restituta. Bi Mafalda. Harusi ya Ottavia." Mimi nikaliweka kila moja mahali pake kwenye trei ya mayai, kwa mpangilio wa taji. Tulikula supu ya maharage na tambi pale pale, sahani mapajani. Wanawake wa Bondeni wakaanza kuingia mmojammoja na makopo yao, kwanza kuchungulia, halafu kukaa. Alhamisi asubuhi Donato akalipokea tupu. Alipolirudisha, dhahabu ilikuwa imetulia juu yake kama siagi, na Assunta na Ersilia wakakaa ubavu kwa ubavu kupachika upya, huyu safu za juu, huyu mkanda, wakibishana jiwe lipi limepinda. Vikucha vilivyokatika Gaetano alishavibadilisha kwa vipya, akaongeza na vya mkanda, kabla ya beseni, bila kusema neno, maana aliogopa kuulizwa.

Siku ya sikukuu Mtaa wa Juu walinung'unika, sitaficha. "Tumeuzwa," Bi Mafalda akasema. Padri akauliza nani atembee mbele. Assunta akasema, "Wote. Sisi kulia." Ersilia akasema, "Kulia ni kwetu." Wakabishana mpaka bendi ikaanza kupiga, ikabidi waende tu, wamechanganyika, hakuna aliyejua kulia ni kwa nani. Sanamu ilipotoka kanisani jua likalipiga taji, na kila mtu akainua uso kutafuta jiwe lake. Bi Mafalda akaliona la kwake. Akaacha kunung'unika, akaanza kulia, halafu akatukana kwa sababu alikuwa amesahau leso.

Kila mwaka baada ya hapo, wiki moja kabla ya sikukuu, wawili hao waliletewa taji jikoni kwa Assunta wakatoa mawe yaliyokufa. Ersilia alitangulia mbele ya haki. Viwanda navyo vikafungwa kimoja kimoja, kazi ikaenda nchi nyingine, na pini zetu zikaanza kuuzwa ghali kuliko zilipokuwa mpya. Assunta aliendelea na taji peke yake, mpaka macho yake yakaanza kumdanganya. Ndipo akamwita Nicolina, binti ya Ersilia, mwanamke mzima mwenye wajukuu, wala si mmoja wa mabinti zake yeye, nao walinuna wiki nzima. Nilikuwapo.

Akamwekea taji magotini, na kisu, na kijiti cha nta.

"Mimi, shangazi?" Nicolina akasema. "Mimi mkono wangu si kama wa mama."

"Hakuna aliyekuuliza mkono wako. Jiwe likifa, usilitupe. Kwanza nenda kwa wenyewe ubishe hodi, wape mkononi, waambie lilikaa wapi. Wakikupa lingine, pachika. Wasipokuwa nalo, acha kitundu mpaka wapate, usijaze kwa la kwako. Umesikia? Haya, hapo mbele kuna la Bi Mafalda limekufa. Mjukuu wake anakaa juu ya duka la mikate. Nenda kabla hajatoka kwenda kazini."