Kaktasi Iliyokataa Kufa

Tangu aolewe, Nicanora alidai kitu kimoja tu: mlango wa zizi la ndama wa lama, wale wanyama wa sufu wafugwao milimani. Zizi lilikuwa na kuta imara za mawe na paa la nyasi, lakini mahali pa mlango palikuwa pengo tupu. Kila kipupwe upepo wa jangwa la chumvi ulipita hapo ukaua ndama, na Nicanora akawafukia.

Mti wa mbao hauoti huko juu. Kuna kardoni tu, kaktasi ndefu kama minara. Ikifa, miba hupukutika, nyama huoza, ikabaki mbao ngumu yenye matundu. Milango yote ya kijiji, hata wa kanisa, ni ya mbao hiyo. Ila lazima ife yenyewe. Anayekata iliyo hai, wanaamini, amemkata babu yake.

Ya kwao, nyuma ya nyumba, ilikauka upande mmoja Nicanora akiwa na mimba ya kwanza. Upande wa pili ulikataa katakata, hata binti yao Teodora alipozaliwa.

"Baba Teodora, hii si imekufa?"

Eusebio, mumewe, aliiparuza kwa ukucha. "Bado kijani."

"Wapi? Hako kaukanda?"

"Mtu akipooza mkono, unamzika?"

Teodora alikua, akaolewa, akazaa. Kaktasi nayo ikachanua ua moja jeupe. Eusebio akaimwagia pombe ya mahindi na kuitupia majani ya koka kama tambiko.

"Umeona, mama Teodora? Babu anacheka."

"Ananicheka mimi!"

Jirani yake Plasida hakumsaidia. "Shoga, utatangulia wewe. Mbao itakufaa kwa jeneza."

Mwaka huu lama mmoja alizaa kipupwe kikiwa kimeshaingia. Ndama alisimama akitetemeka. Nicanora alimtazama, akaitazama kaktasi, akaitazama nyumba. Akachukua nyundo, akang'oa mlango wa nyumba yao, akaukokota hadi zizini na kuufunga kwa kamba za ngozi.

Eusebio alirudi jua likizama.

"Mlango uko wapi?"

"Zizini."

"Sasa sisi tutalalaje?"

"Mimi nalala na lama. Wewe mwombe babu yako akukinge upepo."

"Acha utoto, mama Teodora, nitaganda!"

Nicanora alibeba blanketi lake, akaingia zizini, akafunga.

Kulipokucha ndama alikuwa akinyonya kwa pupa. Nje, Eusebio alisimama amejiviringisha kwa kila nguo ya nyumba, pua nyekundu, amenuna.

"Humo ndani," aliuliza, "kuna nafasi ya mtu mmoja?"