Lebo ya Kwenye Kola

Fundi mmoja wa nguo alidhulumiwa sifa na wifi yake. Kwa miaka kumi na moja fundi alikata na kushona kila gauni la duka la wifi huyo, na kwenye kila kola akashonea lebo ambayo, kwa kuwa hajui kusoma, alidhani inasema nguo ifuliwe kwa maji baridi. Siku moja mteja akaisoma kwa sauti: "Limeshonwa kwa mikono ya mwenye duka."

Fundi akageuka. "Mikono ipi, wifi? Hiyo isiyojua hata kutunga uzi kwenye sindano?"

"Usinivunjie heshima mbele ya wateja. Ukitoka hapa utakwenda wapi, na jina lako tu huwezi kuliandika?"

"Nitakwenda kushona, si kuandika."

Akachukua mkasi wake akatoka. Sasa cherehani yake iko sebuleni kwa dada yake, naye anashona mitindo aliyokuwa akiiota miaka yote, na wateja wanaulizana njia ya kufika. Lakini wifi bado hajawaambia wale wa zamani, kwa kinywa chake mwenyewe, ni nani aliyekuwa akiwavalisha. Deni hilo ni lake, na fundi hajalisamehe.