Nyirinyiri ya Mzazi

Naanza na ugali, maana mtu anayejipikia peke yake mwisho wake ni ugali. Kikombe kimoja na nusu cha maji, unga wa kukadiria kwa jicho, na sufuria ndogo yenye mpini uliolegea. Huu ni mwaka wangu wa sita Garissa, katika chumba kimoja cha ploti yenye vyumba vinane, na nimejifunza kupika kwa namna ambayo njaa inaisha kabla ya pesa. Maharage nayachemsha dakika kumi tu, kisha nayamimina pamoja na maji yake ndani ya chupa ya chai, nafunga, na asubuhi nayakuta yamelainika bila gesi kuungua. Kitunguu nakikata nusu, nusu nyingine nailaza kifudifudi kwenye kisahani ingoje kesho. Tambi navunja robo ya pakiti, nazikaanga mpaka ziwe kahawia, natia maji, chumvi kidogo na iliki mbili. Sijawahi kulala njaa katika mji huu. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu nitakuja kueleza jinsi nilivyosema uongo juu yake.

Nilichokosa ni chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Aliyewahi kukaa peke yake anajua. Unaweza kupika vizuri sana, lakini ukila chakula chako mwenyewe kila siku, mwaka hadi mwaka, kinakuwa kama kujisimulia hadithi unayoijua mwisho wake.

Chumba cha kushoto alikaa mama mmoja wa Kisomali, mjane, mwenye miguu mibovu na ulimi mzima. Nilimwita hooyo, yaani mama, na yeye kwa desturi yao aliniita hooyo vilevile, kama mama wa huko anavyomwita mwanawe kwa jina lake yeye mwenyewe. Kwake hakukuwa na mlo wa mtu mmoja. Palikuwa na sinia, na aliyefika alinawa mikono akakaa. Mimi nilikuwa nafunga mlango nikila. Hilo lilimkera sana.

"Wewe nakula kama bolisi wa lindo," aliniambia. "Mlango nafunga, sahani moja, macho kwa ukuta. Kuja hapa, kula na watu."

"Nimeshiba, hooyo. Nimekula kazini."

Sikuwa nimekula kazini. Ilikuwa kiburi tu. Nilijua sinia halina deni, lakini niliona nikikaa leo na kesho bila kuchangia hata nyanya, nitakuwa mgeni asiyeondoka. Basi nikawa nakataa kwa adabu, kisha naingia chumbani kunusa wali wake kupitia dirisha. Mtu mzima na akili zangu.

Msimu wa mvua uliopita bintiye aliyeolewa Habaswein alijifungua. Hooyo asingeweza kusafiri kwa miguu ile, kwa hiyo alifanya kile ambacho mama yeyote wa huku hufanya: alipika nyirinyiri ya kumpelekea mzazi. Nilimwona siku zote tatu. Alinunua nyama ya ngamia, akaichana vipande virefu vyembamba, akaianika kwenye kamba uani huku akiwatukana kunguru kwa Kisomali. Ilipokauka aliikata kwa kisu kidogo, vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, akavikaanga polepole mpaka unyevu wote ukaisha. Mwishoni akaizamisha nyama ile katika samli ya moto yenye iliki na kitunguu saumu, akaimimina kwenye ndoo ndogo ya plastiki na kuiacha igande. Nyama iliyopikwa hivyo hukaa miezi bila friji. Mzazi huchota kijiko kimoja asubuhi, kingine jioni, mpaka arobaini yake iishe.

Ofisi yetu husambaza vitabu vya shule, na gari lilikuwa liende Habaswein Jumatatu hiyo, mimi nikiwa ndani. Hooyo aliifunga ndoo kwa kitambaa chekundu, akapiga fundo juu ya fundo kama wanavyofunga vitu vya kupelekewa mtu, akaniletea siku nne kabla.

"Si ukae nayo kwanza?" nikamwuliza.

"Kwangu wageni namaliza. Mgeni akikuja, mimi naweza ficha nyama? Kwako hakuna mtu nakuja." Akaiweka mezani pangu, karibu na unga. "Hii ni amana, hooyo."

Alinichagua kwa sababu nilikuwa mtu wa kula peke yangu.

Jumatatu hatukuondoka. Mvua ilikuwa imeikata barabara mbele ya Modogashe, na malori yalikuwa yamekaa kwenye matope kwa safu. Jumatatu ya pili pia hatukuondoka. Mshahara nao ulichelewa, kama kawaida yake, na mboga za bustani za mtoni zikapanda bei kwa sababu ya mafuriko. Nikawa nakula ugali na maharage, kesho maharage na ugali. Ndoo ilikuwa pale pale inanitazama.

Siku ya kumi na moja niliifungua. Nilijiambia nataka kuhakikisha haijaharibika kwa joto, na nilijua wakati huohuo kwamba nyirinyiri haiharibiki kwa joto. Kabla ya kuligusa lile fundo nililipiga picha kwa simu, mbele, nyuma na pembeni, ili niweze kulifunga tena vilevile. Hapo ndipo ninapoona haya kuliko pengine pote. Mtu mwenye nia ya kuangalia kama nyama ni nzima hapigi picha fundo.

Nilichota kijiko kimoja nikakiweka juu ya ugali wa moto. Samli ikayeyuka ikateremka pande zote, iliki ikajaa chumbani, na vile vipande vidogo vikalia menoni. Nililia kidogo, sisemi uongo. Kilikuwa chakula cha mtu aliyempikia mwanawe, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye nafasi ya huyo mwana, nakula. Kesho yake nikachota tena. Nilikuwa na utaratibu: kijiko kimoja, halafu naikalisha ndoo kwenye beseni la maji ya moto ili samli ijilainishe na kuziba shimo, halafu picha za simu, halafu fundo. Nilikuwa na mayai mawili kwenye kabati siku hiyo. Nilikuwa na maharage. Nilichota tu.

Baada ya siku tisa tukaambiwa barabara imefunguka, tunaondoka asubuhi. Nilipofungua ndoo niliona samli imeshuka vidole vitatu, na alama ya pale ilipokuwa imebaki ukutani mwa plastiki kama alama ya mafuriko. Nikakimbia dukani, nikanunua mafuta ya kupikia ya paketi, yale meupe. Niliyayeyusha, nikatia manjano kiasi cha ncha ya kisu yapate rangi, nikaponda iliki, nikamimina juu mpaka ile alama ikafunikwa. Yalipoganda yalifanana na samli. Nilijipongeza hata.

Habaswein nilimkuta binti amekaa kitandani katika chumba kilichojaa moshi wa ubani, mtoto amefungwa vizuri kando yake. Aliipokea ndoo kwa mikono miwili. Alifungua fundo huku akitabasamu, akasema hakuna mwingine anayefunga hivi. Akachota kijiko, akala. Tabasamu lake halikuondoka, lakini lilisimama. Akachota tena, kidogo, akakaa nalo mdomoni. Kisha akaniwekea na mimi sahani, mikate miwili ya anjera na nyirinyiri juu, kwa sababu mimi ni mgeni na nilikuwa nimetoka mbali. Nikala. Yale mafuta ya duka yakanata juu ya ulimi, na kule chini nikaipata samli ya mama yake, na nikajua kwamba mtoto yeyote wa nyumba ile angeonja tofauti akiwa amefumba macho.

"Abaayo," akaniita, dada. "Mama naona fizuri?"

"Anaona vizuri."

"Nasahau fitu?"

Pale ndipo ningesema. Chumba kilikuwa na sisi wawili na kichanga. Badala yake nikasema, "Ah, ni umri tu. Unajua umri."

Aliitikia kwa kichwa, akaangalia pembeni. Nilikuwa nimekula nyama ya mzazi, na sasa nikawa nimemzeesha mama yake kwa maneno machache.

Sijui binti alimwambia nini kwa simu, ila najua aliliweka kwa upole, kwa sababu hooyo hakukasirika. Angekasirika ningepumua. Aliniambia tu kwamba msichana amemsihi asijichoshe tena na nyirinyiri, ndugu za mume watampikia hukohuko. "Msichana nasema nilitia mafuta ya duka," aliniambia, na akacheka, lakini akaitazama mikono yake. "Mimi? Mafuta ya duka? Labda. Mkono nasahau."

Baada ya hapo alianza kuonjesha watu. Mwanamke aliyekuwa anatia chumvi huku akigombana na mtu wa tatu dirishani, sasa anakuja mlangoni kwangu na kikombe cha mchuzi. "Onja, hooyo. Chumbi iko?" Chumvi ilikuwepo. Namwambia ipo. Anarudi, anaongeza nyingine, kwa sababu haamini tena, si mimi wala yeye mwenyewe. Wageni wakawa wanakunywa maji mengi. Ramadhani ilipofika, sambusa ambazo ploti nzima ilikuwa ikizitarajia kutoka kwake zilikandwa na jirani mwingine, na yeye akakaa kwenye mkeka akikunja tu pembe, kimya. Jirani mmoja akaninong'oneza kwamba mzee ameanza kupotea. Nikanyamaza. Nilinyamaza mwezi mzima wa Ramadhani, nafunga, naswali, na nimenyamaza.

Baada ya Idi, alasiri moja, alikuja na kopo la samli. Alikuwa amelinunua kwa mwanamke aliyemwuzia samli miaka na miaka. Alilifungua akanisogezea puani.

"Nusa. Hii ni samli ama ni mafuta?"

"Ni samli, hooyo."

"Kweli? Usinionee huruma." Macho yake yalikuwa makavu na yanaogopa. "Mimi sijui tena. Nanusa, sijui."

Nikashindwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kopo liko mkononi mwangu: barabara, kijiko cha kwanza, picha za fundo, manjano. Nilimwambia hata lile neno la umri. Nilimwambia mkono wake haujasahau kitu. Nilitegemea anitukane, anajua matusi mazuri, na nilikuwa nayahitaji.

Alikaa kwenye ndoo yangu ya maji. Halafu akauliza.

"Ulikuwa na njaa?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa na unga nusu ya mfuko, maharage, na mayai mawili. Lakini nilimtazama, nikaona kwamba mwizi mwenye njaa anasamehewa palepale, na mwizi mwenye mayai mawili sijui hufanywa nini.

"Ndiyo," nikasema.

Akajipiga kifua kwa kiganja. "Njaa. Ukuta moja na mimi. Mimi nakula, nashiba, nalala, jirani ana njaa." Akaanza kuomba msamaha kwa Mungu, sauti ya chini, mara nyingi. Si kwa ajili yangu. Alikuwa anajiombea yeye. "Nilikuita, ukasema umeshiba. Mimi mjinga, nikaamini."

Nilitaka kumrudisha nyuma, nimwambie hapana, haikuwa njaa, ilikuwa uroho na upweke na kiburi, fungu moja. Tayari alikuwa ameshika simu. Alimpigia binti. Kisomali changu ni cha sokoni, lakini samli na duka nayajua, na nilimsikia akimwambia kwamba kweli, alikumbuka sasa, samli ilimwishia siku ile na akachanganya na mafuta ya duka kwa makusudi, na amsamehe. Alisema akinitazama, na akaweka kidole midomoni mwake kuniashiria ninyamaze. Aliifunika aibu yangu kwa jina lake, kwa mara ya pili, na safari hii kwa hiari. Kisha akainuka akaenda kupika, na tangu siku ile chumvi yake haijawahi kuzidi.

Hilo ndilo jema lililopatikana, na nalishika. Lingine ni hili. Kila siku baada ya Magharibi hugonga ukuta mara mbili kwa mwiko, na nikichelewa huja mwenyewe na sahani, akijikokota. Sinia nalo ameacha kuniitia. Anaona nitaona haya kula kwa njaa mbele za watu, kwa hiyo ananiletea nile peke yangu, mlango umefungwa, kama nilivyopenda. Unga wangu unaota wadudu. Mara kadhaa nimefungua mdomo nimwambie yale mayai mawili, nikafikiria ile sala yake ya mnong'ono, nikaufunga.

Jana ulikuwa wali, na juu yake katikati kijiko kimoja cha nyirinyiri mpya. Alisimama mlangoni mpaka nikamaliza.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, hooyo. Wallahi nimeshiba."

Akanitazama, akaichukua sahani, akarudi kwa miguu yake ile mibovu kuniongezea.